Mkia, Uko?

Kabla ya taa, sisi watu wa Mkongeni tulikuwa tunangojana.

Ukitoka mjini Voi jioni na kuvuka reli ya zamani, unafika kwenye tangi la chuma lililokuwa likinywesha treni za moshi. Siku hizi halina maji, lina kutu na viota vya ndege. Hapo ndipo tulipokuwa tunasimama. Kutoka kwenye tangi kuna njia ya mchanga inayopita kati ya shamba la mkonge na mtaro wa reli mpaka kwenye nyumba zetu. Si mbali. Mchana unaweza kumtuma mtoto chumvi akarudi kabla maji hayajachemka. Lakini giza likiingia njia hiyo ni ya ndovu. Wakati wa kiangazi wanatoka mbugani kutafuta maji, na ndovu akisimama kimya kando ya mkonge, huwezi kumtenganisha na kichaka mpaka umsikie akipumua.

Kwa hivyo hakuna aliyekuwa anapita peke yake. Anayefika kwanza anamngoja wa pili, na hao wawili wanawangoja wengine, mpaka kundi litoshe. Mzee Oundo, fundi wa viatu aliyewahi kufanya kazi ya reli, alitangulia akigonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko cha chuma, kwa sababu ndovu hapendi kushtuliwa, anapenda kujua mapema kwamba watu wanakuja. Wengine walifuata. Na nyuma kabisa alikuwako mkia.

Mkia nilikuwa mimi.

Sikuchaguliwa. Ni kwamba nilikuwa na tabia ya kusimama mbali na watu, na kundi likianza kutembea nilijikuta wa mwisho. Mkia ana sheria moja: lazima aongee njia nzima. Akinyamaza, wa mbele hawajui kama bado yuko au ameanguka mtaroni. Jioni ya kwanza Mzee Oundo aliita bila kugeuka.

"Mkia, uko?"

"Niko," nikasema.

"Huyo ni mkia wa panya," akasema Fanuel, kijana wa kazi za mjengo ambaye hakosi neno. Watu wakacheka.

"Ongea, mama," Mzee Oundo akaniambia. Anaita wasichana wote mama.

"Niongee nini?"

"Chochote. Hata bei ya viazi."

Basi nikaanza na bei ya viazi, kwa sababu hiyo niliijua. Kazi yangu ni kumenya viazi kwenye duka la chipsi la Stephen, karibu na stendi. Nakaa nyuma, kwenye chumba kidogo chenye ndoo na kisu, na kati yangu na wateja kuna ukuta wa mbao. Stephen akitaka viazi anagonga ukuta. Akitaka zaidi anagonga mara mbili. Kuna siku nilirudi nyumbani bila mtu kunisemesha tangu asubuhi.

Lakini mbao hazizuii masikio. Wateja wakila wanaongea, na mimi nasikia yote. Nilisikia juu ya mwanamume aliyemnunulia mchumba wake mbuzi, mbuzi akamfuata yeye mwenyewe kurudi kwake Kishushe. Nilisikia wanawake wawili wakigombania nywele za bandia walizonunua kwa kuchangiana. Bei ya viazi ilipoisha jioni ile, nikawaambia habari ya zile nywele. Nilipofika pale mmoja aliposema, "Basi tuzikate katikati, wewe chukua za kushoto," nikasikia Quinter, mama anayeuza dagaa wa omena sokoni, akicheka mpaka akasimama.

"Aki huyu msichana! Kumbe ana mdomo!"

Sina mdomo. Niliacha shule darasa la sita mama alipougua, na hata nilipokuwa shuleni mwalimu akinitaja nilikuwa natazama viatu vyake. Mtu akinitazama, maneno yanaondoka. Lakini gizani, nyuma ya watu wote, hakuna anayekutazama. Unaona migongo tu, na hata migongo huioni vizuri. Mama alikwisha kufa, baba alirudi kwao Vihiga kazi ya mkonge ilipomshinda, na chumba changu ni cha mwisho kabisa mtaani. Kutoka kwenye tangi mpaka mlangoni kwangu ndiko kulikokuwa na maneno yangu yote ya siku.

Na kulikuwa na jambo la mwisho. Watu waliingia makwao mmoja mmoja, nami nikabaki kutembea kipande kidogo peke yangu. Mzee Oundo alikuwa anangoja mlangoni kwake mpaka nifungue kufuli, kisha anapaza sauti:

"Mkia, umefika?"

"Nimefika!"

Ndipo anaingia ndani.

*

Branice ndiye aliyetufanya tuombe taa. Ni jirani yangu, anaosha vyombo kwenye hoteli moja mjini, na kazi yake inaisha watu wote wakiwa wameshapita. Kundi haliwezi kungoja hivyo, watoto wanataka kula. Jioni moja alipita peke yake na akakutana na ndovu katikati ya njia. Ndovu hakumfanya kitu. Branice ndiye aliyerudi nyuma bila kutazama, akaanguka mtaroni na kuvunjika mguu. Tulisikia kelele, tukatoka na mifuniko na mapanga, tukamkuta amekaa kwenye mawe akilia na kumtukana ndovu kwa Kiluhya.

Alifungwa plasta. Kila nilipompelekea maji alisema neno lile lile.

"Mguu utapona, Muhonja. Lakini hapo nitapita tena namna gani?"

Chifu akatangaza kikao cha maoni ya wananchi. Watu wa taa wangekuja kusikia mulika mwizi mpya uwekwe wapi, ule mlingoti mrefu wenye taa kubwa juu. Ulikuwa mmoja tu, na mitaa ilikuwa mingi. Chini ya tangi watu wakaanza kujadiliana nani atuzungumzie.

"Mzee Oundo," akasema Katuku, mama wa mboga.

"Mimi nikianza kuongea naishia kwenye habari za treni," Mzee Oundo akasema. "Mwacheni mkia aende. Si ndiye mwenye hadithi?"

"Sitaweza," nikasema.

"Utaweza. Kila siku unaweza."

Sikujua namna ya kuwaeleza kwamba kila siku ni gizani.

Kikao kilifanywa mchana katika ukumbi wa kanisa, madirisha yote wazi. Mbele alikaa mama mmoja wa ofisi aliyeitwa Wakio, Mtaita wa Wundanyi, mwenye miwani na sauti ya upole. Mtu mmoja mwenye baa, Donald, alisimama kwanza, akasema mulika mwizi uwekwe kwake kwa sababu kwake ndiko kuna wezi. Fanuel akasema kwa sauti, "Ni kweli, wengine wanauza bia!" Ukumbi ukacheka, Wakio akagonga meza.

"Mkongeni. Nani wa Mkongeni?"

Nikasimama. Watu wote wakageuka. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, na sasa hata moja halikuwepo. Nikaona nyuso tu. Nikatazama viatu vyangu. Donald akakohoa, mtu akasema, "Aketi huyo, tuendelee."

Ndipo kutoka mbele, bila kugeuka, Mzee Oundo akaita:

"Mkia, uko?"

Nikafumba macho.

"Niko," nikasema. Na nikiwa nimefumba macho hivyo hivyo nikawaambia habari ya Branice, kutoka alipovua aproni hotelini mpaka alipokaa kwenye mawe. Nikawaambia alivyomtukana ndovu. Nilisikia watu wakicheka, halafu nikasikia wakinyamaza.

"Dada," Wakio akasema, "pole kwa jirani yako. Lakini ndovu si kazi ya ofisi yetu. Kuna watu wa wanyamapori."

"Hatuombi mmwondoe ndovu," nikasema. "Tunaomba tumwone."

Nilipofumbua macho, Wakio alikuwa anaandika. Kikao kilipoisha alinifuata mlangoni na kunipa namba yake ya simu. "Mkipata taa, lazima kuwe na mtu wa kutuambia ikizima. Huyo ni wewe," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Kufikia hapo maneno yalikuwa yamekwisha.

Jioni hiyo chini ya tangi walinibeba. Fanuel na wenzake waliniinua juu kabisa, Quinter akapiga vigelegele, na Mzee Oundo akagonga mfuniko hata kabla hatujaanza kutembea. Sijawahi kuwa na siku kama hiyo.

*

Taa ililetwa mwanzo wa mvua za vuli. Walisimamisha mlingoti kando ya tangi, na jua lilipozama ikawaka yenyewe. Mkonge ukaonekana jani kwa jani. Mtaro ukaonekana, hata chupa zilizomo. Watoto walicheza mpira njiani mpaka mama zao wakachoka kuita. Branice alitolewa nje kwenye kiti akatazama, akalia.

"Muhonja, Mungu akubariki," akasema. "Sasa nikipona nitarudi kazini."

Siku iliyofuata nilitoka kwa Stephen nikafika kwenye tangi nikasimama. Nilikuwa na hadithi nzuri, ya mchungaji wa kanisa aliyesahau karatasi za mahubiri yake kwenye duka la chipsi na mteja mwingine akafungiwa chipsi ndani ya karatasi hizo. Katuku akapita na kikapu chake.

"Umesimama nini, msichana? Unangoja mtu?"

"Hapana," nikasema.

"Haya, usiku mwema."

Akaenda. Kisha Quinter akapita juu ya bodaboda, kwa sababu sasa bodaboda walikubali kuingia njia yetu, akanipungia mkono. Fanuel akapita akitazama simu. Mzee Oundo hakupita kabisa. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa amerudi mapema, kwa sababu hakuna tena haja ya kungoja.

Nikatembea peke yangu. Kivuli changu kilitangulia mbele, kirefu, na kila nilipoangalia nyuma hakukuwa na mtu. Nilifika mlangoni na kufungua kufuli, nikasimama kidogo na ufunguo mkononi. Mlango wa Mzee Oundo ulikuwa umefungwa. Na kwa nini aite? Taa ilikuwa inaniangazia mpaka kwenye komeo. Mtu yeyote aliyetaka kujua kama nimefika angetazama tu.

Nilijaribu. Jioni moja nilitembea kando ya Katuku, nikaanza kumwambia ile ya mchungaji. Akageuza uso kunisikiliza, na uso wake ulikuwa hapo kwenye mwanga, na macho, na kipele kidogo shavuni. Nikapoteza mahali nilipofika.

"Ikawaje?" akauliza.

"Ah, hakuna. Walimrudishia."

"Basi afadhali," akasema, tukamaliza njia kimya.

Sikumlaumu mtu. Walikuwa watu wazuri vile vile, wakinisalimia, wakiniita "mwenye taa." Katuku alinipa nyanya bure. Lakini kwa Stephen niliendelea kusikia mambo kupitia mbao, na jioni nilikuwa nayarudisha yote nyumbani ndani yangu, na asubuhi yalikuwa yamechacha. Baada ya muda niliacha kusikiliza.

*

Ijumaa moja taa ilizima. Ilikuwa jioni ya upepo. Nilisikia kitu kikipasuka juu ya mlingoti, na giza likarudi kama maji yanayojaza shimo. Nilikuwa ndiyo kwanza nimevuka reli. Nikafika kwenye tangi, na hapo chini kulikuwa na mtu amesimama.

"Nani huyo?"

"Mimi Katuku. Njoo, msichana, njoo karibu. Leo hatupiti wawili."

Akaja Quinter kwa miguu, bodaboda wake alikuwa amemshusha kwenye reli na kurudi mjini. Akaja Fanuel.

"Ni nyani," akasema. "Nyani amepanda juu kusoma gazeti."

"Wewe ndiye nyani," akasema Quinter. "Nani ataongoza? Mzee yuko nyumbani."

Kabla hajamaliza tukasikia mfuniko. Ulikuwa unakuja kutoka upande wa nyumba, taratibu, ukigongwa. Mzee Oundo alikuwa ametembea njia nzima gizani kutujia.

"Mko wangapi?" akauliza. "Haya. Mkia?"

"Niko!"

Sikujua kwamba sauti yangu ingeweza kutoka hivyo. Tukaanza kutembea, na nikawapa hadithi yote ya mchungaji, na mahubiri, na mteja aliyekula huku akisoma mistari iliyolowa mafuta mpaka akaenda kuomba msamaha kwa mke wake. Fanuel alicheka mpaka akatumbukiza mguu mtaroni. Kulikuwa na ndovu mbali kwenye mkonge, tulimsikia akivunja majani, na Mzee Oundo akagonga kwa nguvu zaidi, na hakuna aliyeogopa. Nilipofungua kufuli alikuwa anangoja.

"Mkia, umefika?"

"Nimefika!"

Jumamosi tukangojana tena. Jumamosi hiyo nilisimulia habari ndefu kuliko zote, nikaipunguza mwendo ili imalizikie mlangoni. Hakuna aliyetaja taa ila Quinter. "Umewaambia wale watu?" akauliza. Nikasema ofisi imefungwa mpaka Jumatatu, na ilikuwa kweli.

Jumapili huwa hatuendi kazini, na jioni Branice akabisha mlangoni kwangu. Plasta ilikuwa imetolewa, mguu wake ulikuwa umekonda kama wa mtu mwingine. Akakaa kitandani kwangu akiukanda.

"Kesho naanza kazi," akasema. "Mwenye hoteli amesema nisipokuja kesho ameshapata mwingine."

"Kesho?"

"Kesho. Muhonja, hiyo taa itakuwa imewaka?"

Nikamwambia sijui.

"Nilikuwa nimezoea kuiona dirishani usiku, nikijiambia, ukipona utapita hapo kama malkia." Akacheka, lakini mkono wake haukuacha kukanda. "Nikitoka ninyi mmeshafika zamani. Sitaweza, dada. Nikisikia tu jani likilia nitaanguka tena."

Alipoondoka nilimsikia akitembea, mguu mmoja mzito na mwingine mwepesi, mpaka kwake.

Jumatatu nilifika kwa Stephen mapema. Nilikaa juu ya ndoo nikaitoa simu. Namba ya Wakio ilikuwapo. Nilijua kwamba nikiiacha, wengine nao hawatapiga, kwa sababu kila mtu anajua ni kazi yangu. Giza lingeweza kukaa wiki nzima, labda mwezi, na kila jioni wangekuwa pale chini ya tangi wakiniita. Nilikaa hivyo mpaka Stephen akagonga ukuta. Nikamenya viazi vya kwanza. Akagonga tena mara mbili. Nikaweka kisu chini, nikafumba macho, nikapiga.

"Halo, nani anaongea?"

"Ni Muhonja. Wa Mkongeni."

"Aa! Yule wa kufumba macho. Habari yako, dada?"

"Taa imezima," nikasema.

"Tangu lini?"

"Ijumaa. Na kuna mtu atapita leo, mguu wake haujapona vizuri. Hawezi kupita gizani."

"Una bahati. Fundi yuko hapa Voi leo. Nitamtuma mchana huu huu."

"Leo?"

"Leo. Hufurahi?"

"Nashukuru, mama," nikasema.

Nilikuwa nimetegemea jioni moja zaidi. Ofisi, nilifikiri, huchukua siku. Kama ningejua kwamba Jumamosi ilikuwa ya mwisho ningeisimulia namna nyingine, au ningenyamaza kidogo katikati, ili waniite mara moja zaidi.

Nilipovuka reli jioni ile taa ilikuwa inawaka. Chini ya tangi hapakuwa na mtu. Wadudu tu walikuwa wanazunguka juu, na bodaboda moja ikapita ikipiga honi kunisalimia. Nilitembea nyuma ya kivuli changu mpaka kwangu, nikafungua kufuli, nikaingia. Nilipika uji, sikuunywa. Nilikaa karibu na dirisha.

Branice alipita wakati ambao zamani mtaa mzima ulikuwa umeshalala. Nilimsikia kabla sijamwona, mguu mzito na mguu mwepesi, bila haraka. Alikuwa anaongea kwa simu, nafikiri na dada yake wa Kakamega, akicheka kwa sauti. "Ee, natembea tu! Ni kweupe kama mchana!" Alipita mbele ya mlango wangu akicheka hivyo hivyo, akafungua kwake, akafunga. Sikutaka asimame. Nilitaka tu kumsikia akipita, na nilimsikia.

Nikatoka nje kuosha sufuria ya uji. Mwanga ulikuwa kila mahali, ukutani, kwenye kamba ya nguo, kwenye mikono yangu. Kwa Mzee Oundo kulikuwa na moshi. Nikatazama huku na huku, hakukuwa na mtu wa kunitazama, na nikasema kwa sauti ndogo, kwa sababu sikuwa nimeisema siku ile:

"Nimefika."

Kutoka kwa Mzee Oundo nikasikia mfuniko ukilia, mara moja. Labda alikuwa anafunika ugali wake tu.